Jibu: Je, kukaanga kahawa kabla ya kuiuza nje kunatosha?
Ndugu, umeuliza kama nchi inayouza kahawa mbichi itaimarika katika ushindani kwa kuikaanga kwanza. Kwa maoni yangu hilo ni gumu kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu yake upesi, ilhali mbichi huhimili safari ndefu ya meli, na wakaangaji wakubwa huchanganya kahawa za nchi mbalimbali ili ladha isibadilike. Ujerumani, ambayo hailimi kahawa, huuza nje kiasi kikubwa kwa njia hiyo. Kahawa ya unga inayoyeyuka, kwa kuwa hudumu muda mrefu, ina matumaini zaidi, ingawa mitambo yake ni ghali mno. Ama bei ya arabika, mojawapo ya aina kuu za kahawa, huelekezwa na soko la biashara ya kahawa la New York. Anayetaka kupunguza utegemezi huo auze pia kahawa ya daraja la juu, inayojulikana shamba ilikotoka, moja kwa moja kwa mkaangaji.