Loji ya bei poa baharini ukiwa peke yako: kagua chumba kwanza, hela baadaye

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 bahari imetusogelea sana watu wa huku, zamani ilikuwa basi linakula siku nzima unafika Dar hoi hata hamu ya kuoga baharini imeisha, saa hizi unapanda asubuhi mchana uko Dar, unaunganisha gari za Bagamoyo pale Makumbusho na jioni unakanyaga mchanga. Kilichobaki ni woga. Wadada wengi hapa mjini, na wakaka pia, wananiambia nauli ipo ila hoteli kubwa siziwezi na kulala loji peke yangu naogopa. Mi nakwambia loji ya kawaida inatosha kabisa, ila ujue unalipia nini. Unalipia mlango unaofunga, maji yanayotoka na ufukwe unaofika kwa miguu. Tivii kubwa, sofa, taulo limekunjwa umbo la bata juu ya kitanda, hivyo visikutoe elfu 20 ya ziada.

Bagamoyo naipenda kwa hilo. Mji mdogo, ukilala katikati basi Mji Mkongwe, soko la samaki na bahari vyote ni mwendo wa miguu, na vyumba self vya feni nimekuwa nikipata kati ya elfu 30 na 50. Usitume hela ya kushikilia chumba kwa namba binafsi uliyoikuta mtandaoni, piga simu, omba lipa namba ya loji yenyewe na usome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Na kama sio msimu wa sikukuu wala huna haja ya kutanguliza hela, nenda tu mapema utapata.

Ukifika usitoe hela. Mwambie dada wa mapokezi kwa upole, "samahani dada, naomba nikione chumba kwanza." Ni ombi la kawaida kabisa, wamelizoea, na wakikataa aga uende loji inayofuata. Ukiingia anza na mlango, jifungie kwa ndani utikise, halafu tafuta komeo, maana kitasa peke yake hakitoshi, ufunguo wa akiba uko mapokezi na hujui wageni wangapi wameshaondoka na mwingine. Mimi chumba kisicho na komeo la ndani silali hata kiwe kizuri vipi. Dirisha nalo, liwe na nondo na wavu mzima na lifunge, hasa kama uko chini. Kisha fungua bomba la sinki na shawa kwa pamoja, flashi choo, usubiri usikie tangi linajaa tena. Kama kimya, uliza hapo hapo maji yanatoka saa ngapi na kama kuna ndoo, maana ukitoka baharini na chumvi mwilini halafu bomba limekauka ndo utajua.

Neti naomba nikae hapo kidogo. Dodoma ni moja ya mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, kwahiyo wengi wetu tumezoea kulala hivi hivi na neti tunaiona kama pambo. Pwani sivyo. Ishushe neti yote uitanue kwenye mwanga uangalie matundu, halafu uone kama inafika kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne, maana nyingi za loji zimefungwa juu kwa kiduara kidogo zinaishia kuning'inia juu ya mto, na ukilala mkono ukigusa neti mbu anakuuma kwa nje. Ikiwa mbovu omba nyingine mchana huo huo, usingoje saa 5 usiku dada wa mapokezi ameshalala. Mi natembea na sindano na uzi kwenye begi, tundu la kuingia kidole nalishona dakika mbili, na kila mtu nayemshauri namwambia abebe. Na ukirudi Dodoma ukapata homa, hata kama wiki mbili zimepita, usiseme ni uchovu wa safari, nenda kapime na umwambie daktari ulikuwa Pwani.

Joto nalo ni lingine. Huku kwetu ni kavu, jua likizama kunapoa unavuta shuka, kule jasho linakaa mwilini na nguo ulizofua hazikauki, kwahiyo feni iwashe uone inazunguka kweli au inajikongoja, na uliza umeme ukikatika inakuwaje. Desemba mpaka Machi joto ni kali haswa, kisha masika mpaka Mei mvua, mimi nachagua Juni mpaka Agosti, usiku unalala vizuri hata na feni ya kawaida. Uliza pia kama kuna baa jirani, Ijumaa na Jumamosi spika zinapiga mpaka alfajiri, omba chumba cha nyuma.

Sasa kitabu cha wageni. Utaandika jina, kabila, utokako, uendako, namba ya simu, na mara nyingi kinakaa wazi pale mezani kila anayepita anasoma. Ukimaliza kifunge mwenyewe, na kama mhudumu anataja namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu mwombe taratibu asitaje. Picha ya risiti na namba ya chumba mtumie ndugu yako wa nyumbani, mimi namtumia dada yangu na asubuhi lazima nimpigie. Mtu usiyemjua akikuuliza "uko peke yako?" huna deni la kumjibu ukweli, sema mwenzangu yuko ndani amelala, ukaendelea na safari yako.

Bahari yenyewe sisi wa bara inatubidi tuiulizie. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, ni saa 6 na kitu kutoka kujaa mpaka kupwa, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwahiyo ulipoogelea jana saa 4 leo usitegemee iwe hivyo hivyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yanajaa sana na yanatoka mbali sana, unaweza kufika Bagamoyo ukakuta tope tu na mashua zimelala upande. Waulize wavuvi leo maji yanajaa saa ngapi, watakwambia vizuri. Oga palipo na watu, simu na hela acha chumbani, nenda na ufunguo na buku mbili tatu za dafu. Na magofu ya Kaole, yale yenye msikiti wa karne ya 13, ni kama kilomita 5 kusini mwa mji, nenda kwa bajaji, usikatize ufukweni peke yako maana kuna vipande havina mtu kabisa.

Kula usile loji zaidi ya chai ya asubuhi, ambayo uliza kama imo kwenye bei. Jioni shuka soko la samaki, chagua changu wako akaangwe unaona, na pweza wa kipande.

Loji nyingi zinataka utoke saa 4 asubuhi, lakini ukiomba watakutunzia begi mapokezi bure ukaoge mara ya mwisho. Tiketi ya treni ya kurudi kata kabla hujaondoka Dodoma, hasa ya Jumapili jioni, zinawahi kuisha.