Kabla hujabadilisha plagi, tazama petroli

Kijana anayeanza ufundi wa mashine za boti, mkono wake hukimbilia plagi, kile kidude cha kutoa cheche. Mashine ikikohoa, plagi. Ikizimika katikati ya Mkokotoni na Tumbatu, plagi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nahodha mmoja nilimbadilishia plagi mara tatu wiki moja, na kila mara akarudi anakokotwa. Mara ya nne nikafungua kile kiskurubu cha chini ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, nikakinga chupa. Nikaiinamisha: chini ya petroli maji yakikimbia huku na huku kama shanga. Pesa za plagi sijamrudishia hadi leo.

Maji ya namna hiyo angalau unayaona. Yenye hila ni petroli iliyotiwa ethanoli, aina ya spiriti. Marekani petroli nyingi ina asilimia 10, Uingereza ikafika hapo 2021, na mashine za mtumba zitokazo huko huenda zimeshakunywa petroli hiyo kwa miaka. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Ikishiba, hujitenga na petroli, ikazama chini pamoja na maji. Oili uliyochanganya hubaki juu. Mpira wa mafuta unavuta kutoka chini ya tangi, kwa hiyo mashine ya mipigo miwili, ile inayolainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli, inakunywa maji na spiriti bila oili, na pistoni inachubuka.

Ukiwa na shaka na dumu, chukua chupa nyembamba, tia maji kidogo, weka alama ya kalamu. Jaza petroli isiyotiwa oili, mara tisa ya maji hayo, tikisa, iache itulie. Maji yakionekana yamepanda juu ya alama, jua kuna ethanoli.

Mashine kongwe ikikujia, mpira wa mafuta usiutazame kwa nje tu, maana ethanoli huula kwa ndani. Ukate ncha, ingiza kidole: kikitoka na weusi au vipande laini, utupe. Vipande hivyo ndivyo vinavyoziba jeti, kile kitundu chembamba cha petroli ndani ya kabureta. Dayaframu, yaani utando wa pampu ya mafuta, nayo badilisha, na filta ikague kila safari mwanzoni, maana ethanoli hubandua uchafu wa zamani tangini.

Kusi likichafuka na boti ikapandishwa pwani, usiiache mashine na mafuta ndani. Iwashe ikiwa na maji ya kupozea, chomoa mpira wa mafuta, iungurume mpaka ijizime. Kisha fungua kile kiskurubu. Hapo hapo daima kuna kijiko kimoja kilichobaki.