Legeza mkono wa nyuma

Wadogo zangu mnaojifunza wing foil, yaani kusimama kwenye bodi huku mmeshika bawa la kujazwa hewa, na foili, kibawa cha chini ya maji, ikiinua bodi juu: saa tisa alasiri upepo umeshaingia kutoka ziwani, nanyi mnarudi mwaloni mnanung'unika "leo hakuna upepo." Upepo upo. Mnaukaba wenyewe.

1. Vipimo vya vifaa vya Paje, pwani ya Zanzibar, viacheni Paje. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, hivyo bawa la mita za mraba 5 hapa linavuta kama la 4.5. Mwenye kilo 70 achukue la 6. Maji baridi nayo yanabeba kidogo kuliko ya chumvi: bodi ya lita 110 inapoteza karibu kilo 3 za kuelea. Chukua kilo zako, jumlisha 40, hizo ndizo lita za bodi yako. Foili ya mbele iwe sentimita za mraba 2,000 hivi. Zile nyembamba za mbio mtazipenda baadaye.

2. Jaza bawa hadi psi (kipimo cha presha ya hewa) iliyoandikwa pale kwenye vali. Likiwa laini, linajikunja ukilipiga.

3. Hapa ndipo mnaponiumiza moyo. Bodi haiendi, basi mtu anavuta mkono wa nyuma, ule ulioshika sehemu ya nyuma ya bawa, hadi kifuani. Hewa inaachana na mgongo wa bawa. Badala ya kuvuta mbele, linamsukuma ubavuni. Bodi inateleza kwenda demani, upande upepo unakoelekea, kasi inakufa, naye anazidi kuvuta! Kisha anakanyaga mguu wa nyuma eti foili ipande. Foili isiyo na kasi haipandi, inazidi kukokota tu. Dalili ni hii: kiganja cha nyuma kinauma, cha mbele hakina kitu. Tazameni mitumbwi ya tanga: upepo ukipungua, mwenye chombo analegeza kamba.

Fanyeni hivi. Mkono wa mbele ndio ubebe. Wa nyuma uachie hadi ukingo wa bawa uanze kupepea, kisha vuta taratibu mpaka kupepea kuishe, uishie hapo hapo. Upepo uje ubavuni, pua uilegeze kidogo kuelekea demani. Subiri mkupuo wa upepo, utauona unakuja, maji yanakunjamana na kuwa meusi. Ukifika, piga bawa kama kasia, vuta na uachie, mara nne au tano. Miguu itulie kwanza. Bodi ikianza kuteleza, ndipo magoti yasukume, pamoja na kila mvuto wa bawa. Ikipanda, uzito uhamie mguu wa mbele papo hapo, la sivyo foili itatoka majini ikubwage. Na usikimbilie joshini, upande upepo unakotoka. Shika kasi kwanza, ndipo upandishe pua kidogo kidogo.

4. Mawe. Jiwe la Bismarck, lile la Mwanza, kila mtu analiona; linalovunja foili ni lile lililo chini ya maji. Mlingoti, ile nguzo inayounganisha bodi na foili, ukiwa wa sentimita 75 unataka maji ya kifuani. Foili ikishikwa na uzi mmoja wa gugu maji, uondoe kabla ya kulaumu upepo. Maboya ya nyavu zungukeni mbali. Kwenye matete msisimame, kichocho kinakaa humo.

5. Upepo ukifa jioni mkiwa mbali, msisubiri ule wa usiku, unavuma kuelekea ziwani. Lala kifudifudi, bawa lifuate nyuma kwa kamba yake, piga mikono.