Kuishi Uppsala na kazi yako iko Dar

Kazi yenyewe si shida. Kompyuta ni ileile, mikutano ni ileile, na intaneti ya huku haikatiki ovyo. Nyumba nyingi za ghorofa zina nyaya za faiba mpaka ndani, wewe unachagua kampuni na kulipia tu. Kinachowaelemea wengi wanaohamia mji kama Uppsala, hapa Uswidi, na kazi yao mkononi ni kukosa sababu ya kutoka nje. Aliyeajiriwa hapahapa lazima avae, apande basi, asalimiane na watu, akae nao kwenye mapumziko ya kahawa ambayo Waswidi wanayaita fika. Wewe unaamka, unafungua kompyuta sebuleni, jioni unaifunga, na siku nzima hujamwona mtu zaidi ya wale wa nyumbani kwako. Hakuna jirani atakayepiga hodi kuuliza mbona kimya. Kwa hiyo karibu kila ninachoshauri hapa kinarudi palepale: jitafutie mahali pa kwenda, kwa siku na saa maalumu, kabla baridi haijaingia.

Mimi nilikuja kwa sababu ya mume wangu, mwanafunzi wa uzamivu. Huku wanafunzi wa ngazi hiyo huwa wanaajiriwa na chuo na kulipwa mshahara, na hilo ndilo lililotuwezesha, maana mimi niliendelea na kazi yangu ya uhasibu kwa kampuni iliyoko Dar es Salaam. Nalisema mapema ili mtu asidanganyike. Mshahara unaoonekana mzuri Dar, ukiugeuza kuwa krona, unabaki kidogo. Kaa chini na mwenzako mpige hesabu ya kodi ya nyumba, chakula, nauli na kodi ya serikali kabla hamjakata tiketi. Na ujue kwamba Uswidi haina viza maalumu ya watu wanaofanya kazi mtandaoni. Wengi tulioko huku tumekuja kwa kibali cha familia, cha masomo au cha ajira. Isome kadi yako ya ukaazi, ukahakikishe kama unaruhusiwa kufanya kazi.

Kuhusu kodi, usisubiri uulizwe. Ukikaa Uswidi miezi 6 au zaidi, kwa kawaida unahesabiwa mkaazi wa kodi, na mapato yako yote yanahusika, hata kama mwajiri hajawahi kukanyaga Ulaya. Kodi ya manispaa na mkoa kwa hapa Uppsala ni karibu theluthi moja ya kipato kinachotozwa. Uswidi ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na Tanzania na Kenya, lakini mkataba haujitekelezi wenyewe. Nenda Skatteverket, ofisi ya kodi, na mkataba wako wa ajira, uwaeleze unalipwa na nani na wapi, uulize pia nani anapaswa kulipa michango ya hifadhi ya jamii. Waliponihudumia walinieleza kwa Kiingereza kizuri na kwa subira. Mwajiri wako naye ajulishwe kwa maandishi, kwa sababu anaweza kuwa na wajibu asioujua.

Ofisi hiyohiyo ndiyo inayokuandikisha kuwa mkaazi, kama unakusudia kukaa mwaka mmoja au zaidi, na kukupa namba ya utambulisho, personnummer. Bila namba hiyo mambo mengi yanakwama: akaunti ya benki ya kawaida, BankID ya kwenye simu ambayo ndiyo sahihi yako kila mahali, hata darasa la lugha. Jibu huja kwa barua, na hapa kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia. Kwenye magorofa ya huku tarishi anafuata majina. Milango mingi ya nyumba ina upenyo wa barua, na juu yake kibao chenye jina la anayeishi humo. Kama kibao kinasema jina la mwenye nyumba peke yake, barua yako inaweza kurudishwa ilikotoka. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujafungua masanduku, andika jina lako kwenye karatasi na ulibandike pale.

Nyumba ni mtihani. Mkataba wa moja kwa moja na mwenye jengo hupatikana kwa foleni, na watu hukaa kwenye foleni hiyo miaka. Jiandikishe mapema hata kama huoni matumaini, kwa sababu siku zako zinahesabiwa. Wakati huo utapanga kwa mtu mwingine. Hakikisha ana ruhusa ya kukupangisha, na kwamba anakubali uandikishwe kwa anwani ile. Usitume pesa ya dhamana kwa mtu ambaye hujamwona wala hujaingia ndani ya nyumba anayoitangaza. Matapeli wa nyumba wapo huku kama kwetu.

Sasa nije kwenye mwanga, kwa sababu hapa ndipo mtu wa kutoka kwetu anapohitaji kujipanga hasa. Sisi tumezoea jua linalochomoza kama saa kumi na mbili na kutua kama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Uppsala mwezi wa Desemba jua linachomoza kama saa tatu kasoro asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Juni ni kinyume chake: linachomoza kama saa tisa na nusu usiku na kutua baada ya saa nne usiku, na katikati hapo giza haliingii sawasawa. Kwa Juni nunua mapazia mazito, basi. Desemba ndiyo inayohitaji mpango.

Tofauti ya saa kati ya Dar na Uppsala ni saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, kwa sababu huku wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha saa mbili asubuhi Dar, huku Januari ni saa kumi na mbili, giza totoro. Ukifuata saa za ofisi ya Dar bila kupumzika, utakaa ndani muda wote jua likiwa juu, na utakapomaliza limeshazama. Lakini angalia bahati iliyopo: mapumziko ya mchana ya Dar, saa saba hadi saa nane, wakati wa baridi huku ni saa tano hadi saa sita. Hiyo ndiyo saa ambayo jua limepanda kadiri linavyoweza, ingawa hata hapo linapita chini chini tu, juu kidogo ya mapaa. Niliomba ofisini saa hiyo iwe yangu kabisa, isiwekewe kikao wala simu, na meneja wangu alikubali nilipomweleza sababu. Kila siku saa tano navaa koti na viatu vya theluji, natembea kando ya mto Fyris mpaka upande wa kanisa kuu na kurudi. Iwe mvua, iwe theluji, natoka. Chakula nakula baadaye mbele ya kompyuta. Ukichukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huo.

Na ongea na muuguzi kwenye kituo cha afya kuhusu vitamini D. Kati ya Oktoba na Machi jua la huku liko chini mno kwa mwili kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ya nyeupe.

Baiskeli nunua mapema. Mji hauna vilima vingi, njia za baiskeli zinafika kila mahali na theluji husafishwa. Gizani sheria inataka taa, nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma.

Kuhusu watu, naomba nieleweke. Nimewasikia wenzetu wengi wakisema Waswidi wana roho baridi, wanakuona kwenye ngazi wanajifanya hawakuoni. Mimi sikubali. Wanachoogopa ni kukusumbua. Mtu wa huku hajui aanzie wapi na mgeni asiyehusiana naye kwa jambo lolote, ila mkipewa jambo moja la kufanya pamoja, anafunguka. Ndiyo maana maisha yao yamejaa vyama, na sisemi vya siasa: vyama vya mpira, vya kukimbia, vya kusuka, vya kuokota uyoga, vya kutazama ndege. Aliyeajiriwa hapa anapata watu kazini. Wewe unayefanya kazi kwa mbali mlango wako ni chama, na lazima ubishe wewe.

Mimi nilibisha kwenye kwaya. Uppsala wanapenda kwaya sana. Ile ya wanaume iitwayo Orphei Drängar ipo tangu 1853. Sisi tuliolelewa kwenye kwaya za KKKT hatuhitaji kufundishwa kukaa kwenye sauti. Nilikwenda usharika wa karibu, nikasema kwa Kiswidi changu cha kuokoteza kwamba naimba sauti ya pili, wakanipa jalada la nyimbo. Katikati ya mazoezi kuna kahawa, na ukutani karatasi yenye majina na tarehe: nani analeta maandazi ya mdalasini wiki gani. Jina lako likishaandikwa pale, wewe ni mwenzao. Wiki yangu nilipeleka maandazi ya kwetu, yenye iliki na tui, na bakuli lilirudi tupu. Mama mmoja mzee aliyekuwa sauti ya kwanza akanifuata jikoni akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akasema aliwahi kuwa muuguzi Kagera akiwa kijana. Nikampa shikamoo bila kufikiri, naye akaitikia marahaba palepale, kama mtu aliyeitumia jana. Tangu siku ile kila Jumatano tunarudi pamoja kwa basi, nami namsimulia habari za nyumbani.

Uhusiano wa aina hiyo una mizizi mirefu hapa. Bengt Sundkler, aliyekuwa profesa wa historia ya kanisa Uppsala, alikuwa pia askofu wa Kilutheri Bukoba, hukohuko Kagera, kabla ya Josiah Kibira kushika nafasi hiyo. Kiswahili kimefundishwa kwenye Chuo Kikuu cha Uppsala miaka mingi, na Profesa Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar, amefundisha hapo. Taasisi ya Afrika ya nchi za Nordiki ilianzishwa mjini humu mwaka 1962, na maktaba yake imekusanya vitabu vingi kuhusu bara letu.  Nikiwa na kazi isiyohitaji simu, huwa naenda kuifanyia Carolina Rediviva, maktaba kuu ya chuo kikuu. Ukimya wa kukaa katikati ya watu wanaosoma si sawa na ukimya wa sebuleni.

Kiswidi soma hata kama kila mtu anakujibu kwa Kiingereza. Masomo ya SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, ni bure kwa wakaazi walioandikishwa, na kuna madarasa ya jioni. Maktaba ya mji nayo huwa na vikao vya kahawa ambapo wenyeji wanakaa na wageni kuzungumza tu. Hata chumba cha kufulia cha chini ya jengo kina somo lake: unaweka nafasi kwa kufuli dogo kwenye ubao wa saa, unamaliza kabla muda wako haujaisha, unasafisha kichujio cha mashine ya kukaushia. Fuata utaratibu huo vizuri, na majirani watakuamini kuliko kwa maneno mengi.

Mwezi wa kuhamia, kama una uchaguzi, ni Agosti. Julai watu wako likizo na majibu yanachelewa. Mwisho wa Agosti muhula unaanza, kwaya na vyama vinapokea watu wapya, na bado una wiki kadhaa za jua za kuzoea njia za baiskeli. Aliyefika Novemba asikate tamaa, ila asingoje majira ya kuchipua: muhula mwingine unaanza Januari, na orodha za kujiandikisha hufunguliwa kabla ya Krismasi. Chagua chama kimoja, andika jina lako, kisha mwambie bosi wako Dar kwamba jioni ile ya wiki hupatikani.