Sailensa iliyokuja na gari usimwachie fundi

Mkuu, usimwachie fundi huyo sailensa yako. Umeeleza kwamba Jumamosi unakwenda kufunga ekzosi ya kununua kwenye Mark X yako, na kwamba utapunguziwa shilingi 70,000 ukiiacha gerejini ile iliyokuja na gari. Umeuliza kama sauti uliyoisikia itabaki vile vile, bomba liwe la inchi ngapi, mafuta yatapanda au yatashuka, na kama masega, yaani kile kichujio cha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi, yatolewe. Nimesoma majibu yote yaliyotangulia, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza sailensa ya zamani inakwenda wapi. Mimi niliiacha, na hakuna kosa jingine la gari lililonigharimu kiasi kile.

Gari lilikuwa Altezza yenye injini ya 1G-FE, silinda 6. Sailensa niliyouziwa ilikuwa ya duara, inang'aa, imechomelewa pande zote mbili, na siku ya kwanza ililia vizuri mno: sauti nzito, ya chini, ambayo ukifunga vioo unaisikia kwa mbali tu. Nilimuuliza muuzaji kama itabadilika, akanijibu kwamba ekzosi ni kama kiatu kipya, hulainika kadiri unavyoitembelea. Fundi wake akapitisha grainda nyuma ya flanji, yaani kile kiungio cha mabomba kinachofungwa kwa bolti, akakata bomba, akachomelea jipya, na ile ya zamani akairusha juu ya rundo la vyuma chakavu. Nilipunguziwa 60,000, nikaondoka nimefurahi.

Jibu lile la kiatu halikuwa kweli, na mtu anayeuza sailensa kila siku hawezi kusema hakujua. Ndani ya sailensa ya aina hii kuna bomba lililonyooka lenye matundu madogo madogo, limezungushiwa sufi ya nyuzi za kioo, kisha likafunikwa kwa gamba la nje. Gesi hupita katikati bila kizuizi, na mawimbi ya sauti hupenya kwenye matundu yakanaswa na sufi. Sufi hiyo ndiyo inayonyamazisha gari, nayo huchomwa na moto na kupigwa na mishindo ya gesi muda wote injini inapowaka. Injini ya silinda 6 hutoa mishindo mitatu kila inapozunguka, kwa hiyo mshale wa mizunguko ya injini ukisoma 2,000 kwa dakika, sufi inapigwa mara 100 kwa sekunde moja. Nyuzi hukatika kidogo kidogo, zikapenya kwenye matundu na kutoka na moshi. Sailensa za kiwandani, kwa kawaida, hutegemea zaidi vyumba vya bati ambamo mawimbi ya sauti hugongana na kudhoofishana, na bati halipeperuki. Ndiyo maana ile ya kiwandani inaweza kukaa miaka mingi na sauti ile ile hadi kutu iitoboe, wakati hii ya sufi inakwenda upande mmoja tu, nao ni wa kupanda.

Wiki za kwanza mabadiliko hupendeza, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mafuta yaliyobaki kwenye chuma kipya huungua na kutoa harufu, masizi hujipaka ndani, na sauti hufunguka kidogo. Nilidhani ndiko kulainika nilikoahidiwa. Mwezi wa tatu gari lilianza kukoroma asubuhi, nikasema ni baridi ya injini, na kweli gari lolote hulia zaidi likiwashwa asubuhi, kwa sababu injini hujizungusha haraka hadi ipate joto. Mwezi wa tano muuza chapati wa mtaani kwetu alikuwa akianza kunimiminia chai nikiwa bado kona ya pili. Mwezi wa saba ule uzito wote ulikuwa umeondoka, ukabaki mlio mkavu, kama bati linalopigwa kwa mnyororo.

Lakini kilichonivunja ni mvumo wa ndani. Tulikuwa tunakwenda Morogoro, familia nzima, karibu kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, na kila nilipotulia kati ya kasi ya 80 na 90 mvumo ulijaa ndani ya gari mpaka kifuani. Nikiongeza mafuta unapungua, nikitulia unarudi. Mwanangu wa miaka mitatu alishika masikio kuanzia Mlandizi hadi Chalinze, na tulipofika, mke wangu alisema atarudi kwa basi pamoja na mtoto, na walirudi kwa basi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka sailensa yangu ya kiwandani. Nilirudi gerejini, nikaambiwa iliuzwa zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na muuzaji yule yule akanionyesha mpya nyingine kwa 350,000, akidai ya kwanza ilikuwa na bahati mbaya. Nilikwenda kwa fundi mwingine, tukaipasua ile ya duara kwa grainda, na sitasahau tulichokikuta. Bomba la ndani lilikuwa tupu, jeusi, matundu yote yanaonekana, na kwenye kona ya mbele kulikuwa na donge la kijivu lisilojaa kiganja. Nililigusa likapukutika, vidole vikaniwasha hadi jioni. Sauti niliyoinunua ilikuwa imepeperukia barabarani, uzi baada ya uzi.

Kutafuta iliyotumika inayolingana na gari kulinichukua wiki sita, na ilinigharimu 280,000. Kisha, kwa kuwa bomba lilikatwa nyuma ya flanji, nililipa tena 90,000 za kutengenezewa kipande na flanji mpya. Mahali pa kuchomelea hapakukaa sawa, pakawa panavuja kabla ya gasketi, ile pete ya kuziba kwenye flanji, gari likiwa la baridi linatoa mlio wa tik-tik-tik, na nikalipa mara ya tatu. Hesabu hiyo yote ilitokana na punguzo la 60,000, na bado sijaweka bei ya ile ya duara.

Wale wanaokwambia hapa kwamba sauti itatulia, waulize ekzosi zao zina muda gani. Wawili kati yao wameandika wenyewe kwamba walifunga mwezi uliopita. Mwezi mmoja si ushahidi, hasa kwa gari la safari fupi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na kwenye safari ndefu maji hayo hutoka yakiwa mvuke, lakini ukiendesha kilomita 4 kwenda kazini, kama nilivyokuwa nikifanya mimi kutoka Tabata, hubaki ndani ya sailensa, yakalowesha sufi na kula bati kuanzia chini. Hewa ya chumvi ya pwani hulishambulia bati hilo hilo kutoka nje. Na kuhusu masega, usiyaguse: nayo hupunguza makali ya sauti, na ndani yake mna madini ya thamani, yaani platini, paladi na rodi, kwa hiyo jiulize kwa nini fundi anayeitamani sailensa yako anayatamani na hayo pia.

Sikukatazi kufunga ekzosi unayoipenda, kwa maana naijua raha ya asubuhi ile ya kwanza. Ninachokuomba ni kwamba ile ya kiwandani ikae kwako hadi mpya imalize mwaka mzima, masika yakiwemo, na kwamba fundi afungue bolti kwenye flanji, asikate popote. Akisema haiwezekani bila grainda, ondoka na gari lako. Jumamosi nenda na gunia na spana namba 14. Liendeshe gari nusu saa kabla ya kufika ili maji yaliyomo yakauke, acha lipoe, kisha sailensa ikishuka ipakie mwenyewe kwenye buti kabla hujatoa hata shilingi. Nyumbani isimamishe wima mahali pakavu, mdomo ukiangalia chini, na flanji uipake grisi. Bolti zake zifunge kwenye mfuko, uufungie humo humo kwenye bomba, kwa sababu hizo nazo nilizitafuta.