Kufunga shingo kwenye kiwiliwili cha gitaa la umeme: ushauri kwa fundi anayeanza

Anayetengeneza gitaa la umeme kwa mara ya kwanza ningemshauri achague shingo ya kufungwa kwa skurubu, mtindo ambao mtengeneza magitaa Leo Fender aliueneza huko Marekani kuanzia mwaka 1950, kwa sababu shingo ya namna hiyo ikikaa vibaya hufunguliwa na kurekebishwa, ilhali ile ya gundi ikishakauka haina mjadala.

Kitako cha shingo, yaani ncha yake inayoingia kwenye kiwiliwili, aghalabu huwa na unene wa milimita 25, na tundu linalokipokea huchimbwa kwa kina cha milimita 16, ili milimita 9 zibaki juu ya uso wa kiwiliwili. Tengeneza kigezo kwa kufuata kitako chenyewe, si vipimo vya kwenye mchoro, kisha uchimbe kidogo kidogo kwa ruta, mashine ya kuchimbia mbao. Wapo wanaojivunia tundu linalobana pande zote hata gitaa zima likainuliwa kwa shingo bila skurubu. Mimi sioni fahari hapo, kwa kuwa mbao ikivimba kwa unyevu, tundu kama hilo hupasua rangi pembeni. Kazi kubwa iko kwenye sakafu ya tundu. Ipake chaki, kandamiza shingo mahali pake, itoe, kisha utazame kitako: pasipo na chaki ndipo pasipogusana, na dawa yake ni patasi kali na subira. Ikiwa pembe ya shingo haijatosha, weka kabari nyembamba ya mbao inayojaza sakafu yote, kwa maana kipande cha kadi kilichochomekwa upande mmoja huacha uwazi chini ya kitako.

Kabla ya kutoboa chochote, vuta nyuzi mbili za kushonea kutoka kichwani hadi litakapokaa daraja, zikifuata njia ya nyuzi za nje za gitaa, na uhakikishe kuwa kila moja iko mbali sawa na ukingo wa ubao wa vidole. Shingo ikinyooka, ibane kwa klempu ndipo utoboe.

Hapa wengi hukosea. Matundu ya skurubu kwenye kiwiliwili yawe mapana kiasi cha skurubu kupita bila kushika, na ya shingoni yawe membamba, kama milimita 3 kwa skurubu ya milimita 4. Meno yakishika pande zote mbili, utakaza hadi mkono uchoke na uwazi kati ya shingo na kiwiliwili utabaki palepale. Funga utepe kwenye keekee kama alama ya kina, usije ukatokea kwenye freti, vile vyuma vya ubao wa vidole, na upake meno nta.

Daraja hupimwa mwisho. Kwa gitaa lenye urefu wa nyuzi wa milimita 648, freti ya 12 iko milimita 324 kutoka kizingiti cha kichwani, pale nyuzi zinapoanzia. Ongeza umbali uo huo kuelekea darajani, na hapo ndipo uegemeo wa uzi mwembamba, yaani kipande cha daraja ambacho uzi hukalia, unapostahili kuwa ukiwa umesogezwa mbele karibu kabisa, kwa sababu ule wa uzi mnene utahitaji nafasi ya kurudi nyuma milimita kadhaa.