Kifua wazi hadharani: mnauliza "ni halali?" bila kusema wapi

Swali: Je, ni halali mwanamke kutembea kifua wazi hadharani?

Wapi? Swali hili haliishi kuja, na ni nadra muulizaji kutaja nchi, achilia mbali mji. Ni kama kuuliza nauli bila kutaja uendako.

Swali: New York wameruhusu tangu 1992, sivyo?

Wanawake hawakamatwi kwa hilo tu, ndiyo. Ila "wameruhusu" silipendi. Mwaka 1986 wanawake kadhaa walivua blauzi katika bustani ya umma mjini Rochester, wakakamatwa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo kwa jimbo la New York ndiyo ya juu kabisa, na mwaka 1992 mashtaka yakafutwa. Lakini majaji walio wengi hawakutamka kwamba mwanamke ana haki hiyo kikatiba. Walisema kifungu cha sheria walichoshtakiwa nacho hakikumlenga mtu aliyekaa zake, asiyefanya uchafu wala biashara. Kifungu chenyewe hakikufutwa. Tusome hukumu, jamani, si vichwa vya habari.

Swali: Na Kanada?

Ontario, hasa. Julai 1991, joto likiwa nyuzi 33, mwanafunzi Gwen Jacob alivua shati akitembea mjini Guelph, kwa hoja kwamba wanaume nao wamevua. Akatozwa faini ya dola 75. Desemba 1996 mahakama ya rufaa ya jimbo ikamfutia hatia. Miaka mitano na ushee kwa sababu ya shati!

Swali: Nimesikia hukumu ya Fort Collins ya 2019 imehalalisha majimbo sita ya Marekani. Nikienda Utah niko salama?

Hapa ndipo watu wanapoponzwa. Hukumu ile, ya mahakama ya rufaa ya shirikisho, ilithibitisha zuio la muda dhidi ya sheria ndogo ya mji mmoja wa Colorado, Fort Collins, iliyowakataza wanawake kuwa kifua wazi, na mji ukaamua kutoendelea na kesi. Ni kweli mahakama hiyo inahudumia majimbo sita, Utah likiwamo. Basi sikiliza. Mwaka huohuo mwanamke wa Utah alikuwa na kesi kwa sababu alikuwa kifua wazi ndani ya gereji ya nyumbani kwake. Yeye na mumewe walikuwa wakifanya ukarabati, nguo zikawa zinawasha kwa vumbi, wakavua wote wawili. Watoto wa mume wakaingia. Mume hakushtakiwa. Januari 2020 jaji akakataa kuitengua sheria ya jimbo, ambayo inalitaja titi la mwanamke waziwazi, na mama yule akaishia kukiri kosa dogo zaidi. Gereji yake, mlango wake, kesi yake. Sasa wewe unataka kujaribu barabarani kwa kuwa umesikia.

Swali: Kumbe Mahakama Kuu ya Marekani ilishapiga marufuku, 2020?

Haikupiga chochote. Ilikataa kusikiliza rufaa kutoka New Hampshire, ambako majaji wa mahakama ya juu ya jimbo, watatu dhidi ya wawili, walikuwa wameiacha hai sheria ndogo ya mji wa Laconia inayowakataza wanawake kuwa kifua wazi. Kukataa kusikiliza si kuamua.

Swali: Kunyonyesha je?

Msichanganye. Majimbo yote 50 ya Marekani yanamlinda anayenyonyesha hadharani, na Uingereza sheria ya usawa ya 2010 inakataza kumbagua. Anayemfukuza mama kwenye kiti cha mgahawa ndiye anayehitaji wakili.

Swali: Ulaya si wanavua tu popote?

Hapana. Ufukweni Ufaransa si kosa, na bado Agosti 2020 huko Sainte-Marie-la-Mer askari waliwaomba wanawake wajifunike kwa sababu familia moja ililalamika. Waziri wa mambo ya ndani akawatetea wanawake. Berlin walilegeza mwaka 2023, lakini hiyo ni kanuni ya mabwawa ya kuogelea ya mji, si ya barabara zote za Ujerumani. Kila bwawa lina mwenyewe. Soma kibao cha mlangoni.

Swali: Mbona wanaume hawaguswi?

Waliguswa. Miaka ya 1930 wanaume walikuwa wakikamatwa na kutozwa faini kwenye fukwe za Marekani kwa vifua wazi. Walichoka, wakavua kwa wingi, sheria ikanywea. Anayeniambia kifua cha mwanamume ni "kawaida tangu zamani" aanzie hapo.

Swali: Aliyevua hadharani si amekubali kupigwa picha?

Hapana.